Mzee, Saratani na Kisu cha Tabibu: Hatari Mbili Zipimwe na Nani?

Katika darasa letu limeletwa suala ambalo hatukuona vyema kulijibu kwa neno moja la yafaa au haifai, kwa sababu lagusa mambo matatu kwa pamoja: uhai wa mtu, heshima ya wazazi, na elimu ambayo Mola ametupa ili tuitumie.

Suala lenyewe limetoka Kawangware, mtaa ulio magharibi ya mji wa Nairobi, ambako wako jamaa zetu wa pwani waliohamia kwa kazi na biashara, na wazee wao ama wamewafuata huko ama wamezeekea huko huko. Mtu mzima aliyepita miaka sabini amepatikana na saratani, na daktari amesema yaweza kukatwa. Watoto walioko Nairobi wasema akatwe kesho ikiyumkinika. Walioko Mombasa wasema mtu mzima hapasuliwi, aachwe apumzike na tasbihi yake. Wamepigiana simu usiku na mchana, wamechanga fedha, wametoleana maneno mazito, na mpaka suala lilipotufikia hapana hata mmoja aliyemuuliza mzee mwenyewe. Twaulizwa: upande upi una haki?

Jawabu letu ni kwamba pande zote mbili zimepotea njia kabla ya kufika kwenye hukumu. Wa kwanza wamepima kwa mapenzi na wa pili wamepima kwa miaka, na vipimo hivi viwili havilingani na jambo lililoulizwa. Wala hili si jambo la nyumba moja. Kwa makadirio ya mwaka 2022, watu karibu 44,700 nchini Kenya walipatwa na saratani katika mwaka huo mmoja, na zaidi ya 29,000 walikufa kwayo. Na hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa waliofika miaka 60 na kupita ni kama milioni 2.7. Wazee wanazidi, na maradhi haya huwapata wazee zaidi kuliko vijana. Basi suala hili litapiga hodi katika kila mlango, na aliye na akili hujitayarisha kabla ya hodi.

Tuanze na kipimo cha miaka. Katika Sura ya ar-Rum Mwenyezi Mungu ametukumbusha kuwa mwanadamu ameanzia katika unyonge, kisha akapewa nguvu, kisha akarejeshwa katika unyonge na mvi. Haikutajwa hapo idadi ya miaka. Sote twajua mzee wa miaka themanini aendaye msikitini kwa miguu alfajiri, na twajua mwingine wa miaka sitini na tano ambaye akiinuka kitini hushika ukuta. Mwenye kuwahukumu wawili hawa hukumu moja kwa sababu ya mwaka wa kuzaliwa amemdhulumu mmoja wao, na huenda amewadhulumu wote wawili.

Matabibu wa zama zetu wamelifanyia jambo hili uchunguzi mkubwa. Katika mwaka 2001 Linda Fried na wenziwe huko Marekani walitaja alama tano za udhaifu wa uzeeni: kukonda bila ya kukusudia, kuchoka kwa kudumu, mkono kupungua nguvu ya kushika, mwendo kuwa wa polepole, na kupunguza harakati za kila siku. Mwenye alama tatu au zaidi huhesabiwa kuwa ni dhaifu. Mwenye moja au mbili yuko njiani. Katika mwaka 2005 Kenneth Rockwood na wenziwe wa Kanada walitoa ngazi ya kupimia kwa kumwangalia mzee afanyayo mwenyewe, kuanzia aliye mkakamavu mpaka anayetegemea watu kwa kila kitu. Na hapa petu Afrika ya Mashariki, mwishoni mwa miaka ya 2010, matabibu walitengeneza kipimo kinachowafaa wazee wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, kwa kuwa maswali yaliyotungwa kwa mzee wa Ulaya hayamfai mzee wa shamba la migomba. Vipimo vingine havitaki mtambo wowote. Mzee aambiwe atembee mita 4 kwa mwendo wake wa kawaida. Akichukua zaidi ya sekunde 5, hiyo ni ishara ya kutaka kupimwa vizuri zaidi.

Yatupasa tufahamu pia kwa nini udhaifu huu una uzito mbele ya kisu. Mwili wa mtu mzima mwenye afya una akiba: moyo waweza kupiga zaidi ya haja ya kila siku, mapafu na mafigo vivyo hivyo, na nyama za mwili ni ghala ya chakula cha siku za dhiki. Operesheni kubwa huomba akiba hiyo yote kwa wakati mmoja, kwani kuna damu inayopotea, dawa ya usingizi, kidonda cha kuponya, na siku za kulala kitandani ambazo huyeyusha nyama za miguu. Mwenye akiba hulipa kisha akarudi katika hali yake. Asiye na akiba huenda akatoka salama juu ya meza ya daktari, kisha akaanguka siku ya tano kwa homa ya mapafu, au kwa kidonda kisichofunga, au akili ikamruka, au akabaki kitandani asirejee tena kuwa mtu wa kujihudumia. Katika mwaka 2010 Martin Makary na wenziwe walieleza habari ya wagonjwa 594 wa miaka 65 na zaidi waliopasuliwa kwa maradhi mbalimbali katika hospitali ya Johns Hopkins, Marekani. Walioonekana kuwa dhaifu kabla ya operesheni walipatwa na madhara zaidi, walilala hospitali siku nyingi zaidi, na wengi zaidi miongoni mwao hawakuweza kutoka hospitali wakarudi nyumbani kwao kuishi kama zamani.

Na tusidhani kuwa hayo ni mambo ya mbali. Uchunguzi mkubwa wa upasuaji wa Afrika uliochapishwa mwaka 2018 ulihesabu wagonjwa 11,422 katika hospitali 247 za nchi 25. Umri wao kwa wastani ulikuwa miaka 38 na nusu tu, na juu ya hayo karibu asilimia 18 walipata madhara, na waliokufa walikuwa asilimia 2.1, nao ni maradufu ya wastani wa dunia. Wengi mno wa waliokufa walikufa katika siku za baada ya operesheni. Ikiwa vijana wetu hupotea katika siku hizo kwa uchache wa wauguzi na wa uangalizi, basi mzee dhaifu asipelekwe kisuni kama apelekwaye sokoni.

Sasa tuirejee Sharia, tuone kama wanavyuoni wetu waliliacha jambo hili bila ya taa. Hawakuliacha. Imamu an-Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, yaani 1277, katika kitabu chake cha Minhaj, ambacho wanafunzi wa Lamu, Mombasa na Unguja wamekisoma kwa vizazi vingi, amezungumzia uvimbe uotao mwilini na hukumu ya kuukata. Muhtasari wa maneno yake ni kuwa mtu anayejimiliki mwenyewe ana haki ya kuukata. Ila ikiwa ukataji wenyewe unaogopewa, na kuuacha hakuna hatari, au hatari ya kuukata ni kubwa kuliko ya kuuacha, hapo haifai. Tuyatazame maneno haya kwa makini, kwa kuwa huyapita upesi katika darasa kama kwamba ni mambo ya watu waliokwisha. Ndani yake mna nguzo mbili. Ya kwanza ni kwamba haki ni ya mwenye mwili, maadamu ana akili zake. Ya pili ni kwamba hatari ziko mbili na zote mbili hupimwa. Haitoshi kuogopa saratani peke yake wala haitoshi kuogopa kisu peke yake.

Juu ya nguzo ya kwanza tuna ushahidi mzito kuliko kitabu chochote cha fikihi. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Bibi Aisha, Mungu amridhie, kuwa katika maradhi ya mwisho ya Mtume, s.a.w., watu wa nyumba yake walimtia dawa kinywani, naye akawaashiria wasifanye. Wakadhani ni ile hali ya kila mgonjwa kuchukia dawa. Alipopata nafuu aliwalaumu, akaamrisha kila aliyekuwamo nyumbani atiwe dawa ile ile mbele ya macho yake, isipokuwa Abbas ambaye hakuwapo. Watu wale walimpenda kuliko tunavyowapenda wazazi wetu, na walikusudia kheri; lakini mapenzi hayakuwapa ruhusa ya kuipita ishara ya mgonjwa. Na katika hadithi nyingine ya Ibn Abbas, mwanamke aliyekuwa na kifafa alipomwendea Mtume, s.a.w., alikhiyarishwa baina ya kusubiri apate Pepo na kuombewa apone, akachagua kusubiri, akaomba tu asifunuke nguo aangukapo. Alipewa nafasi ya kuchagua, na heshima ya mwili wake ikahifadhiwa.

Wanavyuoni wa zama zetu wamekwenda njia hiyo hiyo. Baraza la Fikihi la Kiislamu lenye makao yake Jeddah lilikata shauri mwaka 1992 kuwa idhini ya mgonjwa ni sharti akiwa na akili kamili. Kuwa kujitibu huwa wajibu iwapo kuacha kutapoteza nafsi au kiungo. Na kuwa huwa makuruhu iwapo tiba inaogopewa kuleta madhara makubwa kuliko maradhi yanayoondolewa. Angalieni jinsi hukumu inavyogeuka kwa kugeuka hatari. Mufti hawezi kujua hatari ya mgonjwa fulani kwa kusoma kitabu. Ni lazima aulizwe tabibu, na tabibu ni lazima ampime mgonjwa. Kwa hiyo twasema: kumpima udhaifu mzee kabla ya kumpasua ni sehemu ya kuijua hukumu ya Sharia, na anayetoa fatwa ya kata au usikate kabla ya kipimo hicho amesema asilolijua.

Huenda mtu akasema: ajali imekwisha kuandikwa, basi vipimo vya nini? Twamjibu kwa kisa cha Sayyidna Umar alipokaribia Sham na tauni imeingia huko, akarejea na watu wake. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, alijibu kuwa anatoka katika kadari moja kwenda katika kadari nyingine. Kupima ni katika kadari, na kutopima pia ni katika kadari. Lakini la pili lina uzembe na mwenye uzembe ataulizwa.

Mwengine atasema, naye ana haki ya kusikizwa: vipimo hivi vitakuwa kisingizio cha kuwafungia mlango maskini na wazee. Khofu hii si ya bure. Mzee wa Kawangware anayeishi katika chumba kimoja cha mabati, anayenunua maji kwa mtungi, na ambaye choo chake ni cha watu wa ploti nzima, ni mwepesi wa kuambiwa kuwa mambo yake yamekwisha. Lakini hiyo ni dhuluma ya mwenye kutumia mizani, na mizani haina dhambi. Kipimo cha udhaifu kilikusudiwa kwanza kuonyesha ni wapi pa kutengeneza. Mara nyingi kuna wiki kadhaa baina ya kujulikana maradhi na siku ya operesheni. Katika wiki hizo mzee aweza kutembezwa kila siku, kuongezewa damu iliyopungua, kukaguliwa dawa zake nyingi ili zinazomlewesha zipunguzwe, kuacha tumbaku, na kulishwa. Na hapa twasema kwa uchungu: wazee wetu wengi hula chai na mkate asubuhi na uji jioni, na watoto wakadhani hicho ndicho chakula cha mtu mzima. Nyama za mwili hazijengwi kwa chai. Mayai, maharagwe, maziwa na samaki, hata omena, ni sehemu ya tiba kabla ya kisu. Fedha zinazochangwa kwa operesheni, sehemu yake ianzie jikoni.

Yatupasa pia tujue kuwa baina ya kukata na kuacha kuna njia nyingi. Saratani ya matiti kwa baadhi ya wanawake wazee huzuiliwa kwa miaka kwa vidonge vinavyopinga homoni. Ya tezi ya kibofu kwa wanaume wengi huenda polepole, na yaweza kuangaliwa tu au kuzuiliwa kwa dawa. Mwenye saratani ya umio aliyeshindwa kumeza, naye hana nguvu ya kustahimili upasuaji mkubwa, aweza kuwekewa kijibomba cha kupitishia chakula, kazi ambayo Hospitali ya Tenwek huko Bomet inajulikana nayo. Na ambaye maradhi yamemzidi hajaachwa bila ya tabibu: Nairobi Hospice ipo tangu mwaka 1990, na Mombasa iko Coast Hospice, kwa ajili ya kuondoa maumivu na kumsaidia mgonjwa na watu wake. Kumwondolea mtu maumivu ni tiba, wala si kukata tamaa na rehema ya Mola. Naye az-Zahrawi, mpasuaji mkubwa wa Andalusia aliyeishi zaidi ya miaka elfu iliyopita, aliandika kuwa saratani iliyokwisha kuwa kubwa na kongwe isikaribiwe, kwa kuwa yeye hakupata kuponya hata moja ya namna hiyo. Tangu zama zake elimu imesonga mbele sana, lakini ukweli wake ni mfano kwa kila tabibu.

Baada ya operesheni kuna jambo ambalo hatuwezi kulinyamazia. Wazee wengi huweweseka siku za mwanzo: huona watu wasiokuwapo, hutaka kung'oa mirija, huwatukana watoto wao. Wakubwa na wadogo husema amepandwa na jini, na mganga akaletwa na azima na fedha. Hayo ni maradhi ya ubongo yaliyosababishwa na homa, dawa, maumivu, kukosa usingizi na ugeni wa mahali, nayo huwapata walio dhaifu zaidi. Katika mwaka 1999 Sharon Inouye na wenziwe huko Marekani waliwachungua wagonjwa 852 wa miaka 70 na zaidi waliolazwa hospitali. Waliopata kukumbushwa siku na mahali, kupewa miwani yao, kunyweshwa maji, kutembezwa na kuachwa walale usiku, walioweweseka ni kama asilimia 10. Wenzao wa huduma ya kawaida ni asilimia 15. Dawa hii hainunuliwi. Ni mtoto kukaa na mamake, kumwambia leo ni Jumatano na hapa ni hospitali, kumpa miwani yake na kumshika mkono waende hatua kumi. Desturi yetu ya kuuguza ilikuwa na haya yote. Tumeigeuza kuwa msafara wa watu ishirini wanaosimama kitandani robo saa, kisha wakaondoka.

Basi kwa ndugu zetu wa Kawangware, na kwa kila atakayefikiwa na suala hili, jawabu letu ni hili. Mzee aambiwe maradhi yake kwa ulimi wa upole na wakati wa utulivu, wala asifichwe. Mwenye kufichwa hawezi kuusia, wala kulipa deni, wala kuomba msamaha. Daktari aulizwe maswali manne mbele yake: mzee huyu udhaifu wake umepimwa, na umeonekana wa kiasi gani? Akikatwa, yatarajiwa arejee katika hali gani, na si kuishi tu? Asipokatwa, maradhi yatakwenda vipi, na kuna njia gani nyingine? Na kuna lipi la kutengenezwa kabla ya siku yenyewe? Kisha mzee apewe muda wa kufikiri na kuswali istikhara, na neno lake liwe ndilo neno. Akichagua operesheni na mizani ina matumaini, watoto wote wasimame naye, na wale waliopinga wawe wa kwanza kukesha. Akikataa naye ana akili zake, anasihiwe mara moja na mbili kwa adabu, kisha asitezwe nguvu. Kwani Maimamu wengi wa zamani hawakuona kujitibu kuwa wajibu pale ambapo kupona si yakini. Na ikiwa mizani yaonyesha kuwa kisu kitamwangamiza, hata akitaka yeye na wakitaka watoto, daktari mwaminifu ana haki ya kukataa, na asilaumiwe.

Kwa wale wanaosema kuwa kutokata ni kumuua mzazi, twawakumbusha hadithi waliyoipokea Abu Dawud na Tirmidhi, kwamba mabedui walimuuliza Mtume, s.a.w., habari ya kujitibu, akawaamrisha wajitibu, akawaeleza kuwa kila maradhi yamewekewa dawa isipokuwa moja, nayo ni uzee. Mtume aliamrisha tiba na akataja mpaka wake katika mazungumzo hayo hayo. Mwenye kushika nusu ya kwanza peke yake atawatesa wazee kwa jina la wema, na mwenye kushika nusu ya pili peke yake atawaacha wafe kwa maradhi yanayotibika.

Kila msikiti wa mitaa yetu, Kawangware na Kibera na Majengo na Kisauni, una vijana waliosoma udaktari na uuguzi. Twawaomba maimamu wawaite baada ya Ijumaa moja tu, wawafunze watu kumpima mzee mwendo wa mita 4, na kumuuliza kama amekonda, na kama nguvu za mkono zimepungua. Tusingoje saratani itufunze kuwatazama wazazi wetu. Twamuomba Mwenyezi Mungu awape wazee wetu afya, atupe sisi subira ya kuwasikiza, na atuepushe na kuwatendea kwa mapenzi yetu yale wasiyoyataka. Amin.